Seramu Imekukataa? Mwaga Chupa Zote Mezani Kwanza

"Imenikataa." Hilo ndilo neno ninalolisikia kuliko jingine lolote kwenye kaunta ya duka langu la vipodozi hapa Sinza, Dar es Salaam. Mteja anaweka seramu, yale majimaji ya kupaka usoni kabla ya losheni, juu ya kioo, anaisogeza kwangu kwa kidole kimoja, anasema imenikataa, nibadilishie. Zamani nilikuwa nabadilisha. Siku hizi namwambia, dada, kesho niletee kila kitu unachopaka usoni, mpaka sabuni, mpaka yale mafuta ya mtoto unayochovya ukiwa na haraka. Tukishamwaga vyote mezani na kusoma nyuma ya kila chupa, mara nyingi seramu inatoka haina kosa. Mkosaji amekaa kwenye chupa ya jirani.

Nitaeleza kwa jinsi malalamiko yanavyoniingia dukani. Ila kwanza usomaji wa lebo, maana bila huo mengine yote ni kubahatisha.

Orodha ya nyuma inasema nini

Viambato huandikwa kwa kufuata wingi, kilicho kingi kinatangulia. Ndiyo maana karibu kila chupa inaanza na "Aqua", yaani maji. Utaratibu huo unafuatwa hadi asilimia 1. Chini ya hapo mtengenezaji ana ruhusa ya kupanga apendavyo, na ujanja unaanzia hapo: dondoo la ua zuri, tone moja kwenye ndoo nzima, linapandishwa juu ili likupendeze macho.

Mimi natumia fenoksietanoli kama mstari wa chaki. Ni kihifadhi, kwenye lebo jina lake linaanza na herufi ph, na Ulaya kiwango chake cha juu kinachoruhusiwa ni asilimia 1. Kwa hiyo chochote kilichoandikwa baada yake, kwa kawaida hakifiki hata asilimia 1. Si lazima kiwe kibaya. Retinoli, aina ya vitamini A, hufanya kazi ikiwa kidogo sana, na asidi ya hialuroniki, ile ya kuvuta maji, nayo haihitaji kuwa nyingi. Lakini niasinamidi, aina ya vitamini B3, iliyofanyiwa tafiti nyingi ni ya asilimia 2 hadi 5. Ukiikuta imejificha baada ya fenoksietanoli wakati mbele ya chupa jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa kama bango la mkutano, ujue umenunua jina.

Sasa weka seramu yako na losheni yako sambamba, chukua kalamu, pigia mstari majina yanayofanana. Niliwahi kufanya hivyo mbele ya mteja aliyekuwa na seramu ya shilingi 45,000 na losheni ya 9,000. Mistari minne ya juu ilikuwa karibu ileile: maji, gliserini, niasinamidi, na kivuta maji kingine cha kawaida. Tofauti kubwa ilikuwa kile kimpira cha kunyonyea na kudondoshea. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Kwa hiyo nimelipia kimpira?" Sikumjibu, maana seramu ile niliiuza mimi.

"Inanichoma"

Swali langu la kwanza: inachoma kwa muda gani? Vitamini C halisi, yaani asidi ya askobiki, hutengenezwa ikiwa na pH chini ya 3.5 (pH ni kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inazidi), kwa hiyo kusisimka kwa sekunde chache si ajabu. Ikipita dakika moja, au uso ukapata joto, nawa. Na usisubiri kuona wekundu kama wanavyoandika kwenye maelezo ya kigeni. Kwenye ngozi zetu wekundu mara nyingi hauonekani hivyo, unaonekana kama sehemu imezidi weusi au imekuwa na rangi ya zambarau iliyofifia. Gusa kwa mgongo wa kiganja, ukisikia joto basi ni mwasho huohuo.

Chanzo ninachokutana nacho zaidi ni asidi juu ya asidi. Kuna binti anayefanya kazi benki kule Posta, alikuja analalamikia losheni. Losheni, si seramu. Nikamwambia alete ukoo mzima. Tukakuta sabuni ya maji yenye asidi ya salisili, tona, yaani maji ya kufutia uso, yenye asidi ya glikoli, seramu ya "kung'arisha" ambayo katikati ya orodha ina asidi ya laktiki, na usiku krimu ya retinoli. Uso ulikuwa umeshachubuka siku nyingi kabla losheni haijafika. Losheni ilipakwa mwisho, ikakuta kidonda, ikaonekana ndiyo mchawi. Kwenye mambo haya anayepakwa mwisho ndiye hubeba lawama, na ndiyo sababu siwezi kumjibu mtu anayeleta chupa moja.

Ili uelewe kilichoharibika: tabaka la juu la ngozi limejengwa kama ukuta wa matofali, na udongo unaoyashika ni mafuta maalumu. Karibu nusu ya mafuta hayo ni seramidi, robo hivi ni kolesteroli, na sehemu ndogo zaidi ni asidi za mafuta. Asidi na retinoli zikizidi zinakwangua udongo huo. Ukifika mahali hata maji ya kawaida yanachoma, ukuta umetoboka.

Dawa yake haina mvuto wa kuuzia. Acha kila chenye asidi, retinoli na vitamini C kwa wiki mbili au zaidi. Nawa kwa kitu laini. Paka losheni ambayo kwenye lebo ina gliserini, seramidi na kolesteroli. Kama huna hela ya hiyo, mafuta ya mgando tabaka jembamba sana usiku kwenye sehemu zilizobabuka yanasaidia, kwa sababu kazi yake ni kuzuia maji yasitoke. Ukipona rudisha chupa moja, kaa nayo wiki nzima au mbili, ndipo urudishe nyingine. Yule binti alirudisha mbili tu, na nitamrudia mwishoni.

Chanzo cha pili ni niasinamidi iliyojirudia. Siku hizi imewekwa kila mahali: seramu ya asilimia 10, losheni inayo, krimu ya jua inayo. Ni kiambato kipole, lakini kuna ngozi ambazo kwenye viwango vikubwa zinapata joto na kuwasha. Hapo usiitupe. Acha ile ya asilimia 10, baki na ile ya losheni, uone.

Cha tatu ni manukato. Tafuta "Parfum", na majina kama limonini na linaloli ambayo ni sehemu za manukato na mafuta ya mimea. Chupa inaweza kuandikwa haina harufu huku ndani imetiwa kitu cha kuficha harufu ya viambato vingine, kwa hiyo amini orodha, usiamini pua.

Halafu kuna vitu ambavyo havina lebo kabisa. Mteja mmoja alipaka seramu ya asidi jioni ileile aliyotoka kusuguliwa singo kwenye maandalizi ya harusi ya mdogo wake. Singo peke yake ni usuguaji wa kutosha, hakuna ngozi inayohitaji kusuguliwa mara mbili kwa siku. Na limao, jamani. Limao lina pH ya karibu 2, na majimaji ya malimao na ndimu yakikutana na jua juu ya ngozi yanaweza kuunguza na kuacha mabaka meusi. Mtu anapaka limao kutoa doa, anapata doa jipya lenye umbo la limao lilivyochuruzika.

"Nang'aa mafuta, lakini ngozi inakaza"

Hili ni lalamiko la Dar kabisa. Saa nne asubuhi paji la uso linawaka kama sufuria mpya, lakini ukitabasamu mashavu yanavuta. Mteja anadhani ana mafuta mengi, anaongeza sabuni kali. Tatizo linazidi.

Anza na sabuni na maji kabla hujafika kwenye seramu. Sabuni ya mche ya kawaida ina pH ya 9 hadi 10, wakati ngozi yako inapenda kukaa karibu na 5. Kisha maji: sehemu nyingi za jiji hili watu wanaoga maji ya kisima, na mengine yana chumvi. Dalili unazijua, sabuni haitoi povu na birika lina ukoko mweupe ndani. Maji ya namna hiyo yakikutana na sabuni yanaacha utando ambao haunaweki vizuri, na utando huo unakausha. Ndoo ya kuogea sitakushauri uibadilishe, ni gharama. Lakini suuza ya mwisho ya uso, kikombe kimoja tu cha maji baridi yasiyo na chumvi, hiyo inawezekana. Wapo niliowauzia ushauri huu bure na hawakurudi kununua kitu kwa miezi mitatu.

Baada ya hapo, kiyoyozi. Nje kuna unyevu wa bahari, ndani ya ofisi umekaa kwa muda wa saa nane kwenye hewa iliyokaushwa. Na hapa ndipo kulinganisha viambato kunalipa. Vigawe katika makundi mawili. Wavuta maji ni gliserini, asidi ya hialuroniki, urea, panthenoli. Vifuniko ni dimethikoni, skwaleni, siagi ya shea, mafuta ya mgando. Ukisoma seramu nyingi za hialuroniki utakuta kundi la kwanza tu. Kuipaka peke yake na kwenda kukaa chini ya kiyoyozi ni sawa na kupika wali bila kufunika sufuria, mvuke wote unakwenda zake. Losheni ya kawaida huwa na makundi yote mawili.

Kwa hiyo: paka seramu uso ukiwa bado una majimaji, kisha funika kwa losheni nyepesi. Mwenye ngozi ya mafuta achague iliyo na dimethikoni au skwaleni juu kwenye orodha, badala ya iliyojaa siagi nzito.

Na sasa maoni yangu, yanayonipunguzia mauzo: kama unashinda nje, unapanda mwendokasi, hukai kwenye kiyoyozi, na ni msimu wa kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, seramu ya hialuroniki huihitaji. Losheni moja ya jeli yenye gliserini inatosha. Kipupwe kikiingia, Juni hadi Agosti, upepo ukaanza kupausha miguu, hapo tuzungumze.

Wanaoniuliza kuhusu gliserini ya famasi, ile ya chupa ndogo: ni kitu kizuri, lakini usiipake kavu kavu, inanata na kuvutia vumbi lote la barabara ya Shekilango. Changanya matone machache na maji kiganjani, paka, funika na losheni. Usichanganye chupa nzima na maji ya waridi ukaiweka bafuni. Mchanganyiko wako hauna kihifadhi, na bafu la Dar lina joto na unyevu ambao vijidudu vinaupenda.

"Nimetokwa na vipele"

Kabla ya kulaumu chupa, tazama vipele vyenyewe, maana kuna aina tatu zinazochanganywa.

Chunusi ni mchanganyiko: vikubwa, vidogo, vyenye usaha, vya vichwa vyeusi, havilingani. Kuna vile vidogo vinavyofanana kama vimepimwa kwa rula, vinavyowasha, vimejaa kwenye paji la uso, kifuani, mgongoni na mabegani, na vinazidi ukitoka jasho. Hivyo mara nyingi ni kuvu iitwayo Malassezia, inayoishi kwenye ngozi ya kila mtu na kustawi penye joto na mafuta. Na kuna harara, ile ya mifereji ya jasho kuziba, inayochomachoma shingoni, kifuani na kwenye mikunjo siku za joto kali.

Kosa linalofanyika ni kutibu zote kwa seramu moja ya chunusi. Asidi ya salisili ya asilimia 0.5 hadi 2 inafaa chunusi kwa sababu inayeyuka kwenye mafuta na kuingia ndani ya vinyweleo. Kwa harara, punguza mafuta na nguo nzito, poza mwili, basi. Kwa kuvu, kitu kinachosaidia watu wengi ni shampuu ya mba yenye ketokonazoli ya asilimia 2: unapaka sehemu yenye vipele, unasubiri dakika chache, unasuuza. Kisha unarudi kwenye lebo za losheni zako. Malassezia hula asidi za mafuta ndefu, na mafuta ya nazi yamejaa moja yao, asidi ya lauriki. Naomba radhi kwa bibi yangu wa Tanga aliyenilea kwa mafuta ya nazi. Kwa nywele na miguu ni baraka, lakini kwa paji la uso lenye vipele vya kuwasha ni kumpa adui chakula.

Tukiwa bado kwenye paji la uso, umesuka lini? Mafuta ya nywele na yale ya kupaka kwenye mistari ya rasta yanayeyuka na jasho yanateremka usoni. Nimeona wadada wakibadilisha seramu tatu kwa vipele vilivyokaa kwenye ukingo wa nywele tu. Ukiona vinafuata mstari wa nywele, achana na uso kwanza, soma kopo la mafuta ya kichwa. Na ninyi kina kaka mnaopata vipele vya ndevu, chanzo chenu kikubwa ni nywele iliyokatwa fupi mno ikajikunja na kurudi ndani. Salisili inasaidia kiasi, kuacha kunyoa hadi kwenye ngozi kunasaidia zaidi.

Muuzaji atakwambia: "Vumilia, inatoa uchafu." Kuna ukweli nusu hapa. Retinoli na asidi zinaharakisha ngozi kujibadilisha, kwa hiyo chunusi zilizokuwa njiani zinatoka mapema, kwenye maeneo yaleyale unayotokwa siku zote, na hali inatulia ndani ya wiki 4 hadi 6 hivi. Lakini hialuroniki haina cha kutoa. Losheni ya seramidi haina cha kutoa. Ukipaka hivyo ukatokwa na vipele mahali ambapo hujawahi kutokwa, hakuna uchafu unaotoka, acha. Na ukisikia neno sumu, kwamba inatoa sumu mwilini, chukua mkoba wako uondoke.

Inatoa vijisokoto kama mabaki ya raba

Hii haina madhara, inaudhi tu. Unapaka krimu ya jua juu ya losheni juu ya seramu, unasugua, zinatoka taka kama za raba ya kufutia daftarini. Linganisha mistari ya juu ya chupa hizo: kama moja imejaa dimethikoni na nyingine ina kaboma au gundi nyingine ya kufanya jeli, ndizo zinazogombana. Paka kidogo, subiri dakika mbili tatu kati ya moja na nyingine, bonyeza badala ya kusugua. Ikiendelea, ondoa moja.

Seramu ya vitamini C imegeuka rangi

Asidi ya askobiki inaharibiwa na hewa, mwanga na joto, na Dar ina vyote vitatu bila kulipia. Ikiwa mpya huwa kama maji au na njano hafifu. Ikifika rangi ya chungwa imepungua nguvu. Ikifika rangi ya chai ya rangi, tupa, itakuchafua ngozi na foronya tu.

Wengi wanasema wameuziwa feki. Inawezekana. Lakini fikiria safari ya chupa hiyo: imepangwa barazani Kariakoo jua la saa saba likiipiga, ikapakiwa kwenye boksi la bodaboda, ikakaa kwako dirishani pembeni ya kioo. Hata ile halali ingegeuka. Nunua iliyo kwenye chupa isiyopitisha mwanga, ya pampu ikiwezekana, ndogo. Weka kwenye friji. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa haitakufa, ili mradi iko gizani. Angalia pia alama ya kikopo kilicho wazi chenye 6M au 12M: ni miezi ya kutumia tangu siku uliyofungua. Andika tarehe hiyo kwa peni chini ya chupa, maana kichwa kitasahau.

Vipo vitamini C vilivyobadilishwa ili vistahimili, kama askobili glukosidi na sodiamu askobili fosfeti. Si vikali kama ile halisi, lakini kitu kipole kilicho hai ni bora kuliko kikali kilichokufa. Mtu asiye na friji mimi namwambia achukue niasinamidi, haibadiliki kirahisi hivyo. Na hapana, niasinamidi na vitamini C hazigombani, maneno hayo yameshapitwa na wakati. Unaweza kuzipaka zote kama ngozi haichomi.

"Madoa hayaishi"

Ukinibana niseme lalamiko gani linawapotezea watu hela nyingi, ni hili. Chunusi imepona Januari, alama yake iko hadi Juni, na katikati hapo mtu ameshanunua seramu nne.

Ngozi nyeusi inajibu kila mwasho kwa kutengeneza rangi zaidi. Chunusi, kukuna, kuunguzwa na asidi, hata seramu ya kutoa madoa ikichoma inaacha doa. Kwa hiyo kama una madoa na unasikia kuchoma, rudi kwenye sehemu ya "Inanichoma", usiendelee hapa.

Kama hakuna kuchoma, pindua chupa zako na zipange kwa kazi. Kuna viambato vinavyozuia rangi isitengenezwe kwa wingi: asidi ya azelaiki, alfa-arbutini, asidi ya kojiki, vitamini C. Kuna kinachopunguza rangi kupandishwa kwenye seli za juu: niasinamidi. Kuna vinavyoharakisha seli zilizojaa rangi kuondoka: retinoli, asidi ya glikoli, asidi ya laktiki. Asidi ya traneksamiki wengi huitumia kwa yale mabaka ya mashavuni yanayowapata kina mama wakati wa ujauzito au baadaye. Mteja mwenye seramu nne mara nyingi ana nne za kazi moja. Moja ya kuzuia na losheni yenye niasinamidi zinatosha kuanzia. Mimi napenda azelaiki kwa sababu inagusa chunusi na doa kwa pamoja.

Mjamzito, au unayetafuta mtoto: retinoli na ndugu zake zote weka kando. Azelaiki kwa kawaida inaruhusiwa, ila mwoneshe daktari wako wa kliniki lebo yenyewe, usimsimulie.

Halafu jua. Tuko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na kipimo cha miale ya jua mchana mara nyingi hufika 11 na kupita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakiita cha kupindukia. Unatoa doa usiku, jua linalirudisha asubuhi kituoni. Krimu ya jua yenye SPF 30 (SPF ni kipimo cha kinga yake) inazuia karibu asilimia 97 ya miale ya UVB, ile inayounguza ngozi, lakini kwa kiasi kinachotakiwa: mistari miwili iliyojaa, kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Watu wanapaka kama wanaonja.

"Inaniacha na majivu." Najua. Hiyo ni zinki au titani kwenye orodha. Chagua isiyo nazo, au yenye rangi ya ngozi yako. Hii ya rangi ina faida nyingine: oksidi za chuma zinazoipa rangi zinazuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao kwenye ngozi nyeusi nao unakoleza madoa, na krimu za kawaida hazizuii vya kutosha.

Halafu subiri. Wiki 8 hadi 12 ndipo uanze kulinganisha, na piga picha dirishani saa ileile, kwa sababu kioo unachokitazama kila siku hakikuonyeshi tofauti.

"Hii nyingine imenitakatisha ndani ya wiki moja"

Hapa siulizi bei. Naomba kopo, na mara nyingi kopo halina orodha kabisa, au lina karatasi iliyobandikwa juu ya nyingine. Kitu kinachobadilisha rangi ya uso mzima ndani ya siku chache hakijafanywa na niasinamidi. Kuna mambo matatu ya kushuku: haidrokwinoni, zebaki, na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, kama klobetasoli au betamethasoni. Yote matatu yamepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, baada ya iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kubadilishwa kuwa TMDA na kubaki na dawa na vifaa tiba.

Zebaki kwenye lebo inaweza kujificha kama "calomel" au herufi Hg. Madhara yake hayaishii usoni, yanafika kwenye figo, na mtoto uliyembeba anaweza kuipata kwa kugusana na ngozi yako. Haidrokwinoni ya muda mrefu inaweza kuleta mabaka ya rangi ya bluu iliyochanganyika na nyeusi, tena mashavuni palepale ulipotaka weupe. Steroidi inafanya ngozi iwe nyembamba, mishipa ionekane, michirizi itokee, vipele vijae na nywele ziote mashavuni. Ule msemo wa mtaani wa uso Fanta miguu Coca-Cola unachekesha, ila sugu za vidole zinazobaki nyeusi ni dalili ninayoiangalia mteja anaponipa hela.

Kama umetumia mkorogo kwa miezi na ukiacha siku mbili uso unawaka moto na kuwasha, usichukue hiyo kuwa ushahidi kwamba ngozi yako inauhitaji. Ni ngozi iliyozoea steroidi. Usije kwangu kutafuta seramu ya kutuliza, na usikate ghafla ukajiachia hivyohivyo. Nenda kliniki ya ngozi, beba kopo lenyewe hata kama unaona aibu, ili daktari akupangie namna ya kutoka.

Yule binti wa benki

Alirudi baada ya wiki tatu. Uso umetulia, losheni ileile aliyotaka nibadilishe ndiyo anayopaka, na hainichomi hata kidogo, akasema. Alirudisha retinoli usiku mara mbili kwa wiki, na sabuni ya salisili baada ya siku za jasho. Tona hakuitaka tena, akaniachia kwenye kaunta ikiwa nusu. Ipo pale kwenye rafu ya pili, sijaipa bei. Nawaonyeshea watu mahali herufi ph za fenoksietanoli zilipo.